Mwenza wa Kesi

Nchi yetu haina matatizo. Nimeona niliseme hilo mapema, kwa sababu wapo wasomaji wepesi wa kudhani, na mimi ni mtumishi wa serikali. Kazi yangu ni kupiga makofi. Katika siku ninazozisimulia nilikuwa mpiga makofi wa daraja la pili katika Idara ya Shangwe, na la kwanza ningekuwa nimeshalipata kama si kidole kimoja kilichopinda, ambacho hufanya kofi langu litoe sauti ya mashaka. Kwa ajili ya kazi hiyo nimehudhuria kila jambo kubwa la serikali, na nilikuwapo sheria yetu ilipotiwa sayansi.

Kesi ninayoisimulia ilianzia Mtaa wa Kisimani, mtaa usio na kisima. Waziri wa Haki alikwenda huko kuzindua bomba la maji. Usiulize kwa nini Waziri wa Haki. Waziri wa Maji alikuwa upande wa pili wa nchi akizindua mahakama. Utepe ukakatwa, dua ikasomwa, hotuba ikatolewa mpaka watoto wakasinzia wamesimama. Kisha Waziri akafungua koki. Bomba likakohoa, likatoa upepo, likatoa mende mmoja mnene, likanyamaza. Sisi wa Idara ya Shangwe tukapiga makofi kama tulivyoagizwa. Hapo hapo, katikati ya makofi, sauti ikasikika uwanja mzima:

"Mbona maji hayatoki?"

Wapo wanaosema sauti ile ilitoka kwenye spika, na kwamba kipaza sauti kilikuwa mkononi mwa Waziri. Mimi sisemi. Nilikuwa karibu, na ni kweli niliiona midomo ya Waziri ikicheza, lakini midomo ya Waziri hucheza wakati wote, hata akiwa anasikiliza. Nijualo ni kwamba kosa lilikuwa limetendeka, nalo ni kosa kubwa: kutangaza ukavu mbele ya mgeni rasmi. Na kosa likishatendeka, lazima apatikane mwenyewe.

Polisi wakawakamata waliokuwa karibu na bomba. Mmoja ni Bi Mize, muuza maandazi, aliyewahi mapema na ndoo yake. Wa pili ni Mzee Faki, fundi cherehani, aliyesimama kando ya Bi Mize kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na kivuli, na si kwa sababu nyingine yoyote, kama utakavyoona.

*

Zamani, kabla ya bomba hilo, mtu akikamatwa, mahakama zetu zilikuwa na tabia ya kutafuta kama kweli alifanya. Ilikuwa kazi ya kuchosha. Mashahidi walichelewa, mawakili walikohoa, majaji walilala. Ndipo Profesa Makungu aliporejea kutoka masomoni ng'ambo akiwa na nadharia ya michezo, akaalikwa Bungeni kuieleza.

"Waheshimiwa," akasema, "sheria ni nini?"

Hapakuwa na aliyejua, maana lilikuwa ni Bunge.

"Wapo waliosema sheria ni haki. Wapo waliosema sheria ni amri ya mkubwa." Hapo wabunge wakapiga makofi bila kutusubiri sisi wenye kazi. "Wote walikosea. Sheria ni mchezo. Kila mtu anamtazama mwenzake atafanya nini, ndipo naye afanye. Kwa nini magari yetu yanapita kushoto? Je, kushoto kuna uadilifu kuliko kulia? Hakuna. Kila dereva anapita kushoto kwa sababu anaamini anayekuja mbele yake naye atapita upande wake. Siku akiacha kuamini hivyo, trafiki wote wa nchi hii hawatamwokoa. Basi sheria, waheshimiwa, ni mahali ambapo kila mtu amebaki kwa sababu anaona wenzake hawaondoki."

Maneno hayo yalinipendeza, na mpaka leo yananipendeza. Ningeshukuru kama angekunja karatasi zake pale pale akaenda zake nyumbani.

Jaji Mkuu wetu wa siku hizo, Jaji Kombo, mtu mzima na mpole, akainua mkono. "Profesa, na kama mshitakiwa hakufanya?"

Profesa akamtazama kama unavyomtazama mtu aliyekuja harusini na wali wake kwenye mkoba. "Mheshimiwa Jaji, hilo ni swali la kizamani. Kufanya ni jambo lililokwisha pita. Sayansi inatazama mbele: washitakiwa watacheza vipi?"

Sheria ikapitishwa jioni ile ile, na utaratibu wake ni rahisi, hata mimi niliuelewa. Kila kesi iwe na washitakiwa wawili. Kila mmoja awekwe chumba chake, wasionane wala wasizungumze. Kila mmoja aulizwe: unamtaja mwenzako, au unanyamaza? Ukimtaja naye akanyamaza, wewe unarudi nyumbani na yeye anakwenda machimbo ya chumvi asirudi. Mkitajana, wote wawili mnakwenda machimboni. Mkinyamaza wote, mnapewa adhabu ndogo tu, ya kufagia kiwanja kipya cha ndege. Jaji hana tena haja ya kufikiri. Anatazama jedwali lililobandikwa ukutani, anaweka kidole, anasoma.

"Mtu mwenye akili," akaeleza Profesa, "atamtaja mwenzake tu. Mwenzake akinyamaza, yeye atapona. Mwenzake akimtaja, angalau hatakwenda machimboni peke yake kama mjinga. Kwa hiyo watatajana. Kwa hiyo hakuna kesi itakayoshindikana."

"Na wezi wanaoiba peke yao?" akauliza mbunge mmoja aliyeonekana kuwa na mtu wake moyoni.

"Watapangiwa wenza."

Ikaundwa Idara ya Kupanga Wenza. Mwizi wa kuku akapewa mwalimu wa chekechea. Mlevi mmoja aliyekojoa kwenye Mnara wa Uhuru alipangiwa daktari wa macho, mtu mwema sana, ambaye hajarudi mpaka leo. Kesi zilizokuwa zikizeeka mahakamani zikawa zinakwisha kabla chai ya jaji haijapoa. Watu walitajana mbio mbio, wengine walianza kutaja wakiwa bado ndani ya gari la polisi. Mawakili wakafunga ofisi wakafungua vibanda vya kuuza makava ya simu. Na mle kwenye jedwali, kile kisanduku cha watu wawili walionyamaza hakikupata hata mtu mmoja. Kiwanja kipya cha ndege hakikufagiwa. Jambo hili halikumsumbua mtu yeyote, maana kiwanja chenyewe kilikuwa hakijajengwa.

*

Sasa turudi kwa Bi Mize na Mzee Faki. Idara ya Kupanga Wenza ilipowachunguza ilifurahi mno. Nilimwona mkurugenzi wake akisugua viganja kama mtu aliyeletewa sahani ya biriani. Kwani wawili hawa walikuwa majirani wa ukuta mmoja, na walikuwa hawasemezani.

Chanzo ni jogoo. Mzee Faki alikuwa na jogoo aliyempenda kuliko cherehani yake. Siku moja jogoo akaruka dirisha la Bi Mize, akatua juu ya unga wa maandazi uliokwisha kuumuka, akaanza kuchakura. Bi Mize akatupa mwiko bila kulenga. Mwiko ukalenga wenyewe. Kwa aibu, Bi Mize akampika pilau marehemu, akampelekea jirani yake sinia zima akiwa na nia ya kumweleza taratibu baada ya kushiba. Mzee Faki akala, akasifu, akaomba na ukoko. Kisha akatoka uani na punje za mtama mkononi, akaanza kumwita jogoo wake.

Tangu siku hiyo hawakusemezana. Wakikutana njiani mmoja alitazama angani na mwingine akatazama viatu. Idara iliyaandika yote hayo kwa wino mwekundu: chuki kamili, matokeo ya uhakika.

Kitu kimoja Idara haikukijua, kwa sababu maofisa wake wote wanakaa mitaa yenye mageti, na wakigombana na jirani wanampigia simu mkuu wa polisi. Watu wa Kisimani wana desturi yao. Mkigombana, mnanuniana, na mnaweza kununiana mpaka wajukuu waoane. Lakini ugomvi ni wa wenyewe. Haupelekwi kwa mjumbe, hautolewi kwa askari, haupewi mgeni. Mmoja akifiwa, mgomvi wake ndiye anayefika wa kwanza matangani. Anakaa mkekani, analia, anakula, anaondoka bila kumsemesha mfiwa. Mtu aliyemfungisha jirani yake kwa ugomvi wa nyumbani, Kisimani hana wa kumwazima hata kiberiti.

*

Sheria mpya ilitaka kila chumba cha mahojiano kiwe na mpiga makofi, ili mshitakiwa akimtaja mwenzake apate moyo. Nikapangiwa kesi hii, vyumba vyote viwili kwa zamu.

Kwa Bi Mize nilikuta mwanamke mnene, kanga mbili, macho makavu. Ofisa aliyemhoji alikuwa kijana mwenye suti ya kubana.

"Mama, shida yako ni ndogo. Mtaje mwenzako uende nyumbani. Nasikia binti yako Subira ana mimba kubwa."

"Amefikisha," akasema Bi Mize. "Mimba ya kwanza. Hana mama mwingine wala shangazi. Nisipokuwepo mimi hakuna wa kumshika mgongo."

"Basi si umtaje tu?"

"Nimtaje nani?"

"Mwenzako. Mzee Faki."

"Yule si mwenzangu. Yule hatusemezani."

"Ndiyo nzuri hiyo, mama! Kama hamsemezani, unamwonea huruma ya nini?"

Bi Mize akajifunga kanga vizuri. "Wewe mwanangu umelelewa wapi? Mimi na yule tumegombana. Ugomvi wetu tumeulea wenyewe, haukukuomba maji wala chakula. Leo niutoe niwakabidhi nyinyi mumfungie mtu? Nitapita wapi pale mtaani? Na tena hakusema chochote yule. Na mimi sikusema. Aliyesema unamjua."

Ofisa akaniambia nizibe masikio. Nikaziba, ndiyo maana hayo ya mwisho sikuyasikia.

Kwa Mzee Faki mambo yalikuwa yale yale, ila yalikatizwa na kikohozi. Alikuwa mwembamba kama uzi wake, kifua kimeingia ndani kwa kuinamia cherehani maisha yake yote.

"Mwanamke yule ana kiburi," akasema, "na mkono wake mwepesi mno kwa mwiko. Nina maneno mengi ya kumwambia, mengine nimeyapanga tangu jogoo wangu afe. Lakini nitamwambia yeye, siku tutakapopatana. Kwako wewe, bwana mkubwa, sina neno."

"Kwa hiyo unanyamaza?"

"Sinyamazi. Nakataa tu kukutumikia."

Nilikuwa nimeinua mikono tayari kwa kupiga makofi. Ilibidi niishushe polepole.

*

Jaji Kombo alipopelekewa matokeo alitazama jedwali, akapeleka kidole kwenye kile kisanduku cha walionyamaza, akatabasamu. Akafungua kinywa kutoa adhabu ya kufagia.

"Simama hapo hapo!" Waziri akasema. Kama watu wangepelekwa kufagia kiwanja, wangefika. Wangefika, wangekiona. Na cha kuona hakikuwapo.

Profesa naye alikuwa amekasirika kweli kweli, amekasirika kama mtu aliyetukaniwa mama. "Nadharia haijakosea," akasema. "Wamekosea wao. Maadui wawili, hawaonani, hawasemezani, na bado wanalindana! Waheshimiwa, mnaelewa hicho ni kitu gani?"

Waziri alikielewa, akakitangaza redioni jioni hiyo. "Ndugu wananchi, tumegundua mtandao wa hatari kuliko yote tuliyopata kuiona. Chama kisicho na mikutano! Kisicho na katiba! Kisicho na mwenyekiti! Chama ambacho wanachama wake hawapeani hata salamu! Tutakivunjaje, ndugu wananchi, chama ambacho hakijaundwa?"

Studioni tulipiga makofi marefu. Ikaamriwa mchezo urudiwe, na safari hii washitakiwa wapewe habari za kuwasaidia kufikiri.

Profesa alizipanga habari hizo mwenyewe. Habari nzuri, alisema, ni ile inayomfanya mtu amwogope mwenzake. Na kwa kuwa uongo waweza kugundulika, akashauri waambiwe ukweli.

Bi Mize akaambiwa hivi: "Mwenzako ana hali mbaya. Anakohoa damu. Anajua akikaa humu atakufa, kwa hiyo atakutaja ili atoke aende hospitali. Muwahi."

Mzee Faki akaambiwa hivi: "Binti wa mwenzako ameshikwa na uchungu, na hali yake si nzuri. Mama gani atavumilia? Yule atakutaja sasa hivi ili akimbilie kwa mwanawe. Muwahi."

Ilikuwa kazi safi, na nikisema hivyo sifanyi mzaha. Ukiichukua kwa akili tupu huoni tundu.

Nilikuwa chumba cha Bi Mize. Aliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza nikayaona macho yake yamelowa. "Damu?" akauliza. "Kikohozi kile nakijua. Ukuta wetu mwembamba. Nakisikia nikikanda unga alfajiri, nakisikia nikifunga mlango usiku. Mara nyingine kikikatika ghafla naacha kukanda, nasikiliza mpaka kianze tena, ndipo naendelea." Akapangusa uso kwa ncha ya kanga. "Yule akiingia chumvini hatoki. Haya, andika. Aliyesema pale bombani ni mimi."

Ofisa akatoa macho. "Hapana mama, hukuelewa. Unatakiwa umtaje yeye."

"Nimeelewa sana. Andika, ni mimi Mize. Nilisema peke yangu. Mzee wa watu mwacheni akatibiwe."

Nikakimbia chumba cha pili, kwa kuwa zamu yangu ilikuwa imefika, na ofisa akanifuata. Mzee Faki alikuwa amesimama, ameshika meza.

"Subira?" alikuwa akisema. "Subira yuko peke yake? Yule mtoto nilimshonea sare zake zote za shule. Alikuwa akija dukani kwangu kuokota vitambaa vya kumvalisha mwanasesere, hata baada ya mimi na mama yake kunyamaziana, akija, sikumfukuza. Sasa nani amemshika?" Kikohozi kikamkalisha chini. Alipopata pumzi akasema, "Leta hiyo kalamu. Nilisema mimi. Mwanamke yule hakufungua kinywa. Mfungulieni aende kwa mwanawe, na mfanye haraka."

Nilipiga makofi. Hakuna aliyeniamuru. Nilipiga kwa nguvu zangu zote, na machozi yakinitoka, na kwa mara ya kwanza maishani kofi langu halikuwa na mashaka. Kwa kosa hilo nikashushwa hadi daraja la tatu, lakini siku ile sikujali. Niliamini, na askari wa mlangoni aliamini, na yule ofisa wa suti ya kubana, aliyegeuka akatazama dirishani, naye nadhani aliamini, kwamba sasa angalau mmoja wao atakwenda nyumbani.

*

Tatizo lilikuwa jedwali. Lilikuwa na kisanduku cha kutaja na kisanduku cha kunyamaza. Kisanduku cha mtu anayejitaja mwenyewe hakikuwemo. Profesa Makungu akajifungia na ubao wake na chaki, na sisi tukakaa nje kama watu wanaongoja majibu ya daktari. Alipotoka alikuwa mweupe kwa vumbi na uso wake umetulia.

Mahakama ikajaa. Profesa akasimama mbele ya jedwali.

"Sauti iliyosikika bombani ilikuwa moja. Hilo halina ubishi. Mshitakiwa Mize anasema: ni mimi. Kwa kusema hivyo anasema kwamba Faki, anayedai ni yeye, ameidanganya mahakama. Kuidanganya mahakama ni kosa. Kwa hiyo Mize amemtaja Faki. Mshitakiwa Faki naye anasema: ni mimi. Kwa hiyo amemtaja Mize." Akajipangusa chaki mikononi. "Waheshimiwa, wametajana. Nadharia iko salama."

Ukumbi ukashusha pumzi. Bi Mize na Mzee Faki, kila mmoja kwenye kizimba chake, walimtazama Profesa kama watu wanaosikiliza lugha ya kigeni. Kisha wakageuka wakatazamana. Ndipo kila mmoja alipojua alichofanya mwenzake. Sitaki kusema niliona nini katika nyuso zile. Nililipwa kupiga makofi, sikulipwa kutazama, na nilijuta kuwa na macho.

Jaji Kombo hakupeleka kidole kwenye jedwali. Alivua miwani. "Mimi nina swali langu lile la kizamani," akasema. "Na kama hakusema hata mmoja wao?"

Waziri, aliyekuwa kiti cha mbele na kipaza sauti mkononi kwa ajili ya hotuba ya kufunga, akashituka. "Mbona anauliza?"

Spika zikaitoa sauti ukumbi mzima. Ilikuwa ni ile ile. Mkwaruzo ule ule, mshangao ule ule, ule ule mvuto wa "mbona" kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Hapakuwa na mtu asiyeitambua. Niliona mabega ya watu yakiganda, safu kwa safu.

Nikamtazama mwenzangu wa kulia, ametulia. Naye akanitazama mimi, nimetulia. Askari akamtazama ofisa, ofisa akamtazama karani, karani akatazama dari. Kila mmoja wetu alikuwa akingoja mwingine ainuke, na kila mmoja alipoona mwingine hainuki, akabaki. Niliona haya, tena haya ya kweli, ya kuunguza masikio. Na hapo ndipo nilipoelewa kwamba yale aliyosema Profesa Bungeni yalikuwa kweli kabisa, na kwamba mahali penyewe alipopataja ni pale tulipokaa.

Kisha mtu mmoja nyuma akapiga makofi, tukampokea wote.

Jaji Kombo alivaa miwani, akavua joho, akalikunja vizuri kwenye kiti chake, akatoka kwa mlango wa pembeni. Hukumu ikasomwa na karani. Machimbo ya chumvi, wote wawili.

Walipokuwa wakitolewa, kila mmoja na askari wake, Bi Mize akasimama. Ilikuwa miaka hajamsemesha.

"Mzee Faki," akasema, "jifunge kifua. Huko kuna upepo."

"Bi Mize," akajibu Mzee Faki, "Subira amejifungua salama?"

Bi Mize hakujua. Akageuka kumtazama ofisa. Ofisa alikuwa anajua, lakini sheria inakataza washitakiwa kupewa habari baada ya mchezo kwisha, kwa kuwa haziwasaidii tena kufikiri. Wakapandishwa magari mawili tofauti. Mzee Faki hakuumaliza msimu wa kwanza wa chumvi. Bi Mize yuko huko bado, au hatujaambiwa vinginevyo.

*

Subira alijifungua salama, mtoto wa kike. Naweza kuthibitisha, kwa sababu wapiga makofi wa daraja la tatu kazi yao ni kupiga makofi watoto wanapoandikishwa, na zamu ya Kisimani ilinifikia.

Maana serikali ilikuwa imejifunza. Kesi ile iliwaonyesha wakubwa kwamba hatari ni kuwapanga watu wakiwa wamekwisha kuishi. Wanakuwa wamesikilizana kuta, wameshoneana nguo, wana vitu ambavyo jedwali halivioni. Profesa akashauri, na Bunge likapitisha, kwamba tangu sasa kila raia apangiwe mwenza wake wa kesi siku anapozaliwa, kabla hajazoeana na mtu.

Tulimkuta Subira amekaa kitandani peke yake, kanga ya mama yake mabegani, mtoto kifuani. Hapakuwa na mtu wa kumkanda wala wa kumpikia uji. Jirani wa ukuta mmoja ndiye huyo aliyepelekwa chumvini, na wengine walikuwa wameanza kuogopa kuonekana wanaingia nyumba za watu. Ofisa alikuwa yule yule wa suti ya kubana. Alipekua orodha ya watoto waliozaliwa wiki ile akitafuta asiye na mwenza. Wote walikuwa wamekwisha kupangwa. Akafikiri, kisha akaandika jina la mtu aliyekuwa karibu.

"Mwenza wa mtoto," akasema, "ni wewe, mama."

Subira alimvuta mtoto karibu zaidi. "Amekosa nini?"

"Bado," akasema ofisa, kwa upole kabisa, na akamwomba asizungumze na mtoto mpaka kesi itakapotajwa.